Mama wa Kiti cha Nyuma

Ukiuliza pale Ngarenaro, watakuambia mimi si mtu wa kuona majini kila paka anapolia juu ya bati. Mtu akianza habari za vibwengo, mimi huwa nanyanyuka nikaangalie sufuria yangu jikoni. Kwa hiyo haya ninayokueleza yachukue kama yalivyo. Yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, nikiwa na bisibisi mkononi, na kaka yangu Jumanne ni shahidi wa nusu yake.

Mimi na Jumanne tuna kibanda cha kutengeneza magari, ila injini hatugusi. Yeye ni wa bampa. Lililopasuka analishona kwa waya na pasi ya moto, analipiga msasa, analipaka rangi, likirudi barabarani huoni lilipoumia. Mimi ni wa ndani: viti, dari, ngozi za milango, dashibodi zilizopasuka kwa jua. Ufundi wa kushona niliupata kwenye makochi, mtaa wa Sokon One, kabla sijahamia kwenye magari. Wateja wetu ni watu ambao bampa jipya hawaliwezi, na la mtumba kutoka Dar litakuja na rangi nyingine kabisa. Tunawaambia, usitupe, lete tulitazame.

Basi, masika yalikuwa yamekolea akaja mwanaume mmoja wa Akeri, huko mlimani, jina lake Elisante. Gari ni lake, lakini lililetwa na jirani yake. Yeye alikuja nyuma kwa bodaboda, kwenye mvua ile ile. Nikashangaa. Gari lako mwenyewe, nafasi zipo tele, halafu unalowana kwenye pikipiki?

Bampa la mbele lilikuwa limepasuka upande mzima, limefungwa kwa mipira lisianguke. Ndani, mlango wa nyuma wa kushoto, kishikio kilikuwa kimekatika na ngozi imechanika nacho. Kipande chake kilikuwa sakafuni.

"Niligonga nguzo ya geti la hospitali," alimwambia Jumanne. "Nilikuwa nampeleka mama. Alikuwa amelala kiti cha nyuma. Tulipofika mapokezi, alikuwa ameshaondoka."

Tukampa pole. Akaitikia kwa kichwa tu. Akasema anataka gari litengenezwe auze, hawezi tena kuliingia. Mke wake na watoto sasa wanapanda pikipiki kwenda kanisani, yeye gari lenyewe hata kulitazama hataki. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza taratibu:

"Dada, kile kishikio, mtu akikivuta kwa mkono kinaweza kukatika?"

Mimi nilikuwa nimeinama natafuta klipu zangu, sikumwangalia usoni. Nikamjibu kifundi. "Hivi huwa vigumu. Labda mtu awe kwenye maumivu makali sana."

Alivaa koti lake akaenda zake.

Kesho yake Jumanne akamaliza kushona bampa. Mimi nilitoa kiti chote cha nyuma, kikalio na mgongo, nikaviweka juu ya benchi vikauke baada ya kuoshwa. Huko nyuma pakabaki bati tupu na zulia lililoloa. Kumbuka hilo, maana hapo ndipo akili yangu hukwama mpaka leo.

Jioni mvua ikashuka kwa hasira, umeme ukakatika. Jumanne akaenda msikitini kwa magharibi. Mimi nikabaki kulinda vifaa, akirudi nami nikaswali. Nikasema nisikae bure. Nikaegesha simu kwenye kiti cha dereva itoe mwanga, nikapiga magoti mlangoni, nikaanza kufungua kile kipande cha kishikio kilichobaki kwenye mlango.

"Pole na kazi, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, ya upole, kutoka ndani ya gari. Nikainua macho. Alikuwa amekaa nyuma, upande wa pili, kanga mbili mabegani, kitambaa kichwani, mikono juu ya mapaja. Lafudhi yake ya mlimani, kama ya mama anayetuuzia ndizi. Nikadhani ni mtu amejibanza kukwepa mvua. Milango ilikuwa wazi, nani angemlaumu?

"Asante mama, shikamoo."

"Marahaba. Hicho unakirudisha?"

"Nakirudisha. Nakiunganisha na mwenzake, halafu nakivika ngozi mpya."

"Afadhali," akasema, akacheka kidogo. "Mimi ndiye niliyekivunja."

Wewe ungeelewa pale pale, sivyo? Mimi sikuelewa. Niamini, nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye skrubu iliyoliwa na kutu. Nikamuuliza tu, kama unavyomuuliza mama yeyote, alikuwa anaumwa au vipi.

"Niliumwa mwanzoni. Tulipovuka daraja maumivu yakaniacha. Nikawa mwepesi, nasikiliza mvua. Ndipo tukagonga geti. Baba akapiga kelele, 'Mama!' Nikamwona anatetemeka. Nikasema nijiinue anione kwenye kioo, ajue nipo. Nikavuta hicho kitu, kikabaki mkononi!" Akacheka tena, mabega yakimtikisika. "Nilicheka hivi hivi. Ila baba hakunisikia. Honi ilikuwa imenasa, inalia tu."

"Baba yupi?" nikauliza. Nilidhani anamsema mumewe.

"Baba yangu. Mwambie hakunichelewesha. Na hicho kitu kilikuwa kibovu tangu zamani, tazama mwenyewe kilipokatika."

Skrubu ikaachia. Nikakigeuza kile kipande kwenye mwanga wa simu. Upande mmoja wa mpasuko ulikuwa mpya, safi. Upande wa pili ulikuwa mweusi, umeshiba vumbi la miaka. Kishikio kilikuwa na ufa muda mrefu. Hata mtoto angekivuta kingetoka.

"Kweli mama," nikasema. "Kumbe kilishakufa."

"Unaongea na nani?" Jumanne alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia inachuruzika maji.

"Na huyu mama."

"Mama yupi?"

Taa zikarudi. Nikatazama ndani ya gari. Palikuwa na bati tupu na zulia bichi. Hapakuwa na mtu, wala hapakuwa na kiti. Kiti kilikuwa kwenye benchi, mgongoni kwangu, pale pale nilipokiweka. Na yule mama alikuwa amekaa, tena amekaa vizuri, kichwa chake usawa wa dirisha. Alikuwa amekalia nini?

Nikakaa chini kwenye grisi. Ajabu ni kwamba sikusikia hofu. Nilisikia kama nimeagwa na mgeni kabla sijamkaribisha chai. Hofu ilikuja baadaye, nyumbani, na Jumanne ndiye aliyenifunika blanketi.

"Usimwambie yule bwana," akanionya. "Atadhani tunamchezea msiba wake. Au atatuita wachawi."

Nilimwelewa. Lakini nilikuwa nimeagizwa. Wewe ukiagizwa na mama wa mtu, unanyamaza?

Elisante alipokuja kulitazama gari, bampa linang'aa, nilimwita pembeni. Kile kishikio sikuwa nimekiunganisha. Nilimwekea kiganjani vipande vyote viwili, nikamwonyesha upande mweusi na upande mpya. Nikamwambia jibu nililompa siku ile lilikuwa la haraka, kishikio hakikuhitaji nguvu wala maumivu. Kisha nikamweleza yote, neno kwa neno, macho yangu yakiwa chini.

"Alisema nimwambie baba," nikamalizia. "Baba yupi, sijui. Na alisema alicheka, ila honi ilikuwa imenasa."

Nikasubiri anitukane. Nilipoinua macho, midomo yake ilikuwa inacheza.

"Habari ya honi sikumwambia mtu," akasema. "Hata mke wangu. Na baba ni mimi. Nina jina la babu, mzaa mama. Tangu nizaliwe mama hajaniita vingine. Akinigombeza, baba. Akiniita nile, baba."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mafundi wa vibanda vya jirani wakizima mashine zao. Jumanne alimletea maji. Alipotulia akataka nirudie pale mama alipocheka. Nikarudia. Akataka tena.

Nikaunganisha kishikio mbele yake, nikakivika ngozi, nikarudisha kiti. Ndipo akazunguka upande wa dereva, akafungua mlango, akaingia. Alikaa pale mikono kwenye usukani, haliwashi.

"Dada," akasema bila kugeuka, "naomba ukae nyuma. Tufike barabarani tu, turudi."

Jumanne alinitazama. Nikajifuta mikono, nikapanda, nikakaa upande ule wa kile kishikio. Gari likatoka polepole kwenye matope. Tulipokaribia lami nikamwona kwenye kioo, macho yamejaa.

"Mama?" akaita, kwa sauti ndogo sana.

Ningefanyaje? Nikashika kishikio, nikajiinua anione.

"Nipo, baba."

Gari hakuliuza. Jumapili anashuka nalo kutoka Akeri na familia yake, na wakati mwingine wanapitia kwetu na mkungu wa ndizi. Watoto wake wananiita bibi, ingawa sijafikisha umri huo, nami nimeacha kuwarekebisha. Mama mwenyewe sijamwona tena. Lakini tangu siku ile sifungui mlango wa gari la mteja kabla ya kubisha hodi. Mafundi wenzangu wananicheka, waache wacheke. Napiga kidole kwenye kioo, nasubiri kidogo, kisha naingia.

Nawe unayenisikiliza nakuonya. Ukifiwa, usijitungie mwenyewe namna mtu wako alivyoondoka. Utajitungia mabaya, kwa sababu msiba haujui kutunga mazuri. Na siku ukisalimiwa na mtu mahali ambapo hapakupasa kuwa na mtu, usikimbie. Itikia salamu kwanza. Huenda ana neno la kumtuma mtu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.