Mkono Uliotakiwa Kugusa Sikio

Shule yetu ya msingi pale Kirumba haikujisumbua na vyeti vya kuzaliwa. Ukitaka kuanza darasa la kwanza, unapitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umekua. Usipolifikia, rudi nyumbani ukale ugali. Mimi nililifikia mapema. Nina mikono ya nyani, na masikio yangu, mama anasema, yanajileta yenyewe.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mkono mrefu wa kutosha na umri uliopitiliza. Shida ilikuwa misuli. Alichelewa kulia alipozaliwa, na tangu hapo mwili wake unapokea amri kwa namna yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alitueleza kwamba misuli haikuwa dhaifu. Ile ya kukunja na ile ya kunyoosha inavuta kwa wakati mmoja, basi mkono unabaki katikati ukitetemeka.

"Kama darasa likiulizwa swali na mwalimu mwenye fimbo," nikasema. "Wote wanaitika, hakuna anayejibu."

Mtaalamu akacheka. Mdogo wangu akacheka zaidi, na papo hapo mkono ukamkunjikia kifuani, miguu ikapishana kama mkasi, akateleza kutoka kwenye kiti.

"Umeona?" mtaalamu akaniambia huku akimdaka. "Kicheko, mshtuko, haraka, vyote vinamkaza. Akitaka kutumia mkono aketi kwanza, magoti yakunjwe, nyayo zikanyage chini. Nyonga zikitulia, mkono unapata nafasi."

Mwaka uliotangulia alijaribu amesimama, akarudishwa. Safari hii shule ilishamwambia mama: akishindwa tena, usimlete. Kwa hiyo asubuhi ya kuandikisha, mama aliacha meza yake ya dagaa kule soko la Mwaloni na kunivuta sikio mlangoni.

"Leo ukifungua huo mdomo, nitaushona kwa uzi wa nyavu."

"Na nikipiga miayo je?"

"Jaribu."

Mwalimu aliyekuwa akiandikisha alinifundisha zamani, na fimbo yake ilinikumbuka kabla yake. Kiti kilikuwa kimoja, chake. Madawati yalikuwa yamefungiwa stoo. Mwanza nzima ni mawe, ila pale tulipohitaji jiwe moja tu la kukalia palikuwa mchanga mtupu.

"Anayefuata! Mkono juu, mtoto. Haraka."

Mama alimshika mdogo wangu kiunoni. Mkono ukapanda hadi shavuni, kiwiko kikakaza, vidole vikatanuka, ukarudi kifuani kama umeitwa. Nyuma yetu watoto wakaanza kucheka chinichini.

"Mama, haya tulishayaongea mwaka jana."

"Mwalimu, naomba tu aketi."

"Aketi? Hii ni shule, mama, siyo saluni."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kusema kweli utani ulikuwa mzuri, na ndio ungetumaliza, maana niliona pembe za mdomo wa mdogo wangu zinaanza kupanda. Majibu yalinijaa mdomoni, moja tamu kuliko jingine. Nikayameza yote. Nikapiga magoti na mikono mchangani nyuma yake, mgongo nikaunyoosha kama benchi.

"Wewe!" mwalimu akafoka. "Umefika sekondari na bado unaniletea vituko?"

Mama akamwinua mdogo wangu. Akamketisha mgongoni kwangu.

Kuanzia hapo niliona mchanga, kandambili za mwalimu zinazosogea, na miguu ya mdogo wangu. Kisigino kimoja kilikuwa juu. Mapaja yalikaza mpaka nikahisi nimebebeshwa gogo. Shuka, nikakiambia kisigino kimoyomoyo, shuka, shuka. Kikashuka.

Kandambili zikapotea upande wa nyuma yangu. Nikajua kinachokuja.

Fimbo ilipotua makalioni nilijaza mchanga mdomoni. Ningepiga yowe, mdogo wangu angeshtuka na misuli yote ingekaza. Hata hivyo mlio aliusikia. Kisigino kikaruka juu, mwili wote ukawa ubao. Nikasubiri ya pili. Haikuja. Kicheko cha foleni kilikuwa kimekatika. Labda waliona kitu ambacho mimi sikukiona.

Kisigino kikaanza kushuka, taratibu, kinasita, kinashuka. Nyonga zikalegea. Kisha uzito wake ukahamia upande mmoja, kidogo kidogo, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati. Juu yangu mama aliacha kupumua.

"Eeh!" akasema mama.

Kandambili zikarudi mbele. Zikasimama.

"Sikio la nani hilo ulilolishika?" Sauti ya mwalimu ilikuwa imepungua.

"La... ngu," mdogo wangu akajibu, akiivuta kila silabi.

Nikasikia karatasi ikifunuliwa. "Mama, nipe jina lake kamili. Na wewe, benchi, ondoka."

Hapo mdogo wangu akacheka, na misuli yote ikaitika kwa pamoja. Tukaanguka wote wawili, yeye juu, mimi mdomo umejaa mchanga, na vidole vyake vikiwa bado vimeling'ang'ania sikio.