Kwa Somoe, na picha za Mchinga nilizoziharibu

Nimeandika "marehemu Somoe" mara tatu, mara tatu nimefuta. Siku ya kumi leo tangu tumzike, na asubuhi nimeshika simu nimuulize atakuja saa ngapi studio.

Kwa msiomjua: Somoe alikuwa mpiga picha hapa Lindi mjini. Ile studio yetu ya chumba kimoja tuliianza wawili, yeye na mimi. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Alikuwa anasema, "Mimi uzee sina, ndiyo maana nahangaika na wazee wa watu."

Na kweli alihangaika. Siku isiyo na harusi anapanda gari kwenda Mchinga kupiga picha wazee ambao picha yao pekee ni ya kitambulisho cha kura. Bure. Alitaka kila nyumba itundike picha kubwa ukutani.

Bi Mwanahawa, mmoja wa wazee hao, alibadilisha kanga mara mbili kabla ya kupigwa picha. "Hii ndiyo nitakayowaachia wajukuu," alisema, "sitaki ionekane na doa."

Sasa laptop yetu, jamani! Ukifungua picha tano za raw, zile nzito kama zilivyotoka kwenye kamera, inaganda. Somoe akajifunza njia ya amri. Hakuna vitufe, ni dirisha jeusi tu: unaandika mstari mmoja, unabonyeza Enter, picha mia tatu zinapungua na kugeuka nyepesi zenyewe. Siku ilipokubali mara ya kwanza alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Akanifundisha. Nilikuwa mzito. "Usikariri, soma," ananiambia. "Inasema chukua picha zote, upana uwe nukta elfu mbili, weka kwenye folder jipya. Basi. Na usifute za mwanzo kabla hujafungua mpya ukazitazama kwa macho yako."

Wiki aliyorudi kutoka Mchinga mara ya mwisho, maumivu yakamshika, akalazwa. Kesho yake tulikuwa na harusi ya client. Kadi ya kamera ni moja, laptop imejaa, backup hatuna. Akanipigia kutoka wodini, sauti chini kabisa: "Zigeuze za Mchinga, upate nafasi."

Nikaandika mstari. Nikabonyeza Enter. Zikapita moja moja, hakuna kosa lililotokea kwenye kioo. Nikafuta za mwanzo, nikasafisha kadi, nikakimbilia harusini.

Sikuzifungua.

Niliandika mia mbili badala ya elfu mbili. Wazee wote wale, kila mmoja amekuwa wa ukubwa wa stempu. Fundi niliyempelekea kadi alitikisa kichwa: picha za harusi zilishaandikwa juu ya zile za Mchinga.

Jumatatu nikaenda kumwona. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nionyeshe Bi Mwanahawa."

Nikampa simu. Pale kwenye simu ilionekana nzuri, akatabasamu. Kisha akaweka vidole viwili kwenye kioo, akaikuza. Uso wa yule mama ukavunjika vipande vya mraba.

Nilingoja anitukane. Natamani angenitukana. Akanirudishia simu, akasema, "Basi. Nikitoka tutarudi Mchinga."

Alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Sote wawili tulijua.

Alhamisi alfajiri akaondoka. Alasiri tukamzika.

Juzi nimekwenda Mchinga peke yangu na kamera, nikidhani nitapiga upya. Nilifikia kwa Bi Mwanahawa. Mwanawe akanipokea mlangoni.

"Mama katangulia, wiki iliyopita. Picha umeleta?"

Nikamtolea niliyochapisha, kubwa kadiri ilivyokubali. Haijai kiganja. Akatoka nayo juani, akaisogeza karibu na macho.

"Hapa anacheka au kanuna?"

"Anacheka."

"Mimi sioni," akasema. Akaikunja ndani ya leso, taratibu, akaniambia asante. Asante!

Nyumba ya pili, bibi aliitikia shikamoo yangu, akasikiliza maneno yangu yote, akakataa kukaa. "Yule binti keshatupiga picha. Nyinyi mnataka sura zetu mara ngapi?" Nikarudi Lindi na kadi tupu.

Ndugu zangu, mnaandika hapa chini kwamba Somoe ameacha kazi kubwa. Hakuiacha. Niliifuta mimi, mchana kweupe, kwa haraka zangu. Siandiki ili mnipe pole. Mkinipa nitazifuta nazo.

Somoe, nimewaambia. Sijui kama inasaidia kitu, naona haisaidii. Hukunitukana, na hilo ndilo nimebaki nalo. Nenda, mwenzangu. Ulale usingizi ambao mwili hauumi, na Mola akukunjulie kaburi lako. Kwaheri, Somoe wangu.