Fundi wa Wadi Kabir na moto unaokaa nje ya nyumba

Saa tatu asubuhi, jua la Agosti limekwisha kuyachoma mabati ya karakana za Wadi Kabir, mjini Muscat, Oman, na Cornelius Kibet anawasha moto.

Kofia yake ya kitambaa imelowa jasho. Anasukuma vipande vya mti mkavu ndani ya mlango wa chuma, anaufunga, anarudi nyuma hatua mbili na kukodolea macho kipima joto. Mafundi wa gereji ya jirani wanapita, wanamtazama, wanatikisa vichwa. Hapa nje ni nyuzi arobaini na mbili. Muscat nzima watu wamejifungia kwenye viyoyozi.

Kitu anachokiwasha kinafanana na kibanda kidogo cha chuma chenye bomba la moshi juu. Ni boila ya kuni. Ndani kuna chumba cha moto, na kukizunguka chumba hicho kuna tangi la maji. Boila hukaa uani, mbali na nyumba. Maji yakishapata moto hupita kwenye mabomba yaliyozikwa ardhini, huingia chini ya sakafu ya vyumba na kuacha joto lake humo, kisha hurudi kupashwa upya.

"Moto haugusi nyumba," anasema Cornelius. "Joto linaingia ndani, lakini moto na hewa yake vinabaki nje. Hiyo ndiyo kazi yote."

Ana miaka arobaini na moja. Ametoka Keringet, Kuresoi, kwenye nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako baridi ya Julai huunguza viazi shambani na watoto huenda shule wamevaa sweta mbili. Alifika Muscat mwaka 2017 kama fundi bomba, akaajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akijenga nyumba mpya Mabela, upande wa Sib. Nyumbani aliwaacha mkewe Peninah na binti yao Joy, aliyekuwa na miaka minne.

Kwa miaka mitatu alitandaza mabomba ya vyoo, ya jikoni na ya viyoyozi. Ijumaa, siku ya mapumziko, alipiga simu ya video. Joy alikuwa na desturi ya kuchukua simu na kuizungusha nyumba nzima ili baba aone kila kitu kiko mahali pake: kitanda, kabati, kalenda ya kanisa, paka.

Julai 2020 Cornelius alikuwa juu ya ngazi ndani ya nyumba isiyokwisha kujengwa, akiunga bomba la dari, simu ilipolia. Alikuwa mdogo wake, Mike.

"Mike alikuwa akilia tu," anasimulia. " Nikamuuliza ni mama? Akasema hapana. Nikamuuliza ni Peninah? Akasema yuko hospitali. Nikashuka kwenye ngazi, nikakaa chini. Sikuuliza tena."

Ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo Keringet, na umeme ulikuwa umepotea. Joy alikuwa na mafua. Peninah alikoka jiko la mkaa uani, akangoja mpaka makaa yashike na moshi uishe kabisa, ndipo akaliingiza chumbani na kufunga dirisha ili mtoto asipigwe na upepo. Aliamini kuwa kilicho kibaya ni moshi, na moshi haukuwepo. Hewa inayoua kwenye mkaa haionekani wala hainuki.

Asubuhi jirani aliyefuata maziwa alimkuta Peninah amelala kizingitini, mlango ukiwa nusu wazi. Yeye alipona. Joy hakuamka. Alikuwa na miaka saba.

Mwezi huo ndege za abiria zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya korona. Cornelius hakuwa na namna ya kwenda. Mazishi aliyatazama kwenye simu, ameketi juu ya kitanda katika chumba cha Wadi Kabir alichokaa na wenzake watano. Mike ndiye aliyeishika simu upande wa pili. Wenzake walitoka mmoja mmoja, wakasimama ukutani nje mpaka alipomaliza. Mtandao ulikatika jeneza likishushwa, na uliporudi watu walikuwa wakishika majembe.

Alipofika nyumbani Januari iliyofuata, nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi. Alikaa mwezi mmoja. Peninah alikuwa akipikia kwa mama mkwe, ng'ambo ya ua, na kurudi na chakula kilichopoa. Ndani ya nyumba yake hakukuwashwa kitu, hata mshumaa. Usiku alilala na koti. Waliongea juu ya ng'ombe, juu ya ua ulioanguka, juu ya bei ya viazi.

"Sikuwahi kumlaumu hata siku moja," anasema Cornelius. "Lakini pia sikumwambia kwamba simlaumu. Nilidhani anajua."

Anainama kufungua vali ndogo ubavuni mwa boila. Hewa inatoka ikilia, kisha maji. Anafunga.

Kazi hii ya maboila hakuisomea popote. Ilianza mwaka 2023, alipotumwa kurekebisha bomba linalovuja katika nyumba ya Mabela na akamsikia mwenye nyumba akiongea Kiswahili kwenye simu. Mzee Mahfoudh, mstaafu wa serikali mwenye miaka sabini na mbili, alizaliwa Unguja, na kwake Kiswahili na Kiarabu hupokezana katika sentensi moja. Cornelius alimsalimu shikamoo. Mzee aliweka simu chini, akamtazama, akaagiza kahawa.

Mzee alikuwa na shida yake. Binti yake Noof ni mwalimu huko Jabal Akhdar, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Muscat, kwenye milima ambako majira ya baridi maji huganda mferejini. Yeye na mkewe, Bi Rahila, hupanda huko kila Desemba kumsaidia binti yao kulea watoto wake. Lakini Bi Rahila ana pumu. Hita ya gesi ilimbana kifua, na hita za umeme hazikuitosha nyumba ya mawe. Zamani, akiwa masomoni katika nchi ya baridi, mzee aliwahi kuona nyumba ikipashwa na moto uliokuwa uani. Alimchorea Cornelius kwenye karatasi na kumuuliza kama anaweza.

"Nilimwambia naweza," Cornelius anakiri. "Nilikuwa sijui. Lakini alipotaja moto ulio nje, nilihisi kama mtu amenishika bega. Singeweza kusema hapana."

Alitumia wiki saba. Jioni alitazama mafunzo kwenye simu, na siku za mapumziko alikuja hapa kwa Hatem, Muomani mwenye karakana ya kuchomelea, wakakata chuma na kukiunga. Tangi la kwanza lilivuja sehemu tatu, la pili lilivimba. La tatu lilishika. Kuni ziliwapa taabu kidogo tu: mashina ya mitende hayakukaa na moto, hivyo walijaribu ule mti wa miiba unaovamia mabonde, ambao Waomani huuita ghaf bahri. Cornelius aliutambua mara moja. Kenya huitwa mathenge, na moto wake hukaa.

Mwanzoni mwa Desemba walipandisha kila kitu mlimani kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Alichimba mtaro wa mita ishirini na mbili, akayavika mabomba sponji na plastiki ili joto lisipotelee ardhini, akatandaza mabomba ya sakafu kwa mizunguko na kuyafunika kwa saruji. Saruji ilipokauka akawasha. Vyumba viwili vilipata joto, cha Bi Rahila kikabaki baridi. Hewa ilikuwa imenasa kwenye bomba. Aliifungulia njia, akapiga magoti na kuweka kiganja sakafuni, akangoja.

Bi Rahila aliingia, akavua kandambili na kusimama peku katikati ya chumba. Kisha akaketi pale pale chini, akaegemea ukuta na kuvuta pumzi ndefu isiyokwama.

Alimuuliza Cornelius kazi ile aliifunzwa na nani. Cornelius, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amemwambia mtu yeyote Muscat zaidi ya wenzake wa chumbani, akajikuta akimweleza yote, tangu mvua mpaka mtandao uliokatika. Mama huyo alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza jambo moja: mkewe alimwambiaje?

"Nikamwambia hatujawahi kuliongelea," anasema Cornelius. "Akaniambia maneno ambayo sijayasahau."

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mwanangu, mie nna wajukuu. Nnavojua, mama akiingiza moto ndani huwa ni kwa kumpenda mtoto. Mkeo keshajihukumu peke yake miaka mitatu. Leo mpigie, umwambie."

Alipiga simu akiwa bado mlimani, amesimama kando ya boila ili apate mtandao. Alimwambia Peninah kwamba hakuwahi kumlaumu, na kwamba alipaswa kulisema siku ile ile. Kwenye simu jogoo wa jirani aliwika kule Keringet. Ndipo Peninah akasema, "Ungesema mapema," na kukata.

Kesho yake alipiga yeye mwenyewe. Tangu hapo, anasema Cornelius, wanaongea, ingawa si kila siku na si juu ya kila kitu.

Leo wana mtoto mwingine, Chelangat, aliyezaliwa mwishoni mwa 2021 baada ya likizo ile. Peninah humlaza katikati ya mablanketi matano. Mara mbili katika mwaka mmoja mtoto huyo amelazwa kwa nimonia, na daktari amesema waziwazi: nyumba ni baridi mno. Cornelius alimweleza mkewe juu ya boila. Peninah alikataa. Hakutaka kuni, hakutaka chuma, hakutaka kusikia neno moto katika ua wake. Alikataa hivyo kwa miezi minane, na Cornelius hakumlazimisha.

"Nawawekea watu huko milimani, hii ya sasa ni ya kumi na moja," anasema. "Nimepasha nyumba za watu kumi. Mtoto wangu analala baridi. Nifanye nini? Mama yake ndiye aliyekuwepo siku ile. Mimi sikuwepo."

Kisha mwezi wa sita mwaka huu, Peninah akiwa wodini Nakuru kwa mara ya pili, ameketi kando ya kitanda cha mtoto aliyewekewa oksijeni, alituma ujumbe mfupi. Aliuliza hiyo boila inakaa mbali kiasi gani na mlango.

Cornelius alimjibu kuwa itakaa mbali kadiri atakavyotaka yeye.

Ndiyo maana boila anayoijaribu leo ni ndogo kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ni ya Keringet. Haina pampu, kwa kuwa umeme wa kule hautabiriki. Maji ya moto hupanda yenyewe na yaliyopoa hushuka yenyewe, mradi boila iwe chini kuliko sakafu. Ikikubali leo itapakiwa kwenye sanduku la mbao na kutumwa kwa meli hadi Mombasa. Yeye ataifuata Novemba kwa likizo ya miezi miwili, achimbe mtaro na kutandaza mabomba kabla Chelangat hajaanza shule.

Kipimo kinagonga nyuzi sabini na kutulia. Cornelius anapitisha kitambaa kwenye kila kiungo, akitafuta tone la maji. Halipo. Hatem anampigia makofi mawili kutoka kivulini.

Cornelius alikuwa amepanga kuiweka boila mteremkoni nyuma ya zizi la ng'ombe. Ndiko chini, maji yangepanda bila shida, na mkewe asingelazimika kuutazama moto. Aliona anamsitiri. Wiki iliyopita alimwelezea mpango huo, na Peninah akaukataa.

"Alisema, 'Hapana. Iweke mbele ya dirisha la mtoto, mahali naweza kuiona nikiwa kitandani. Nataka kila nikiamka nione moto uko huko nje.'"

Mbele ya dirisha hilo pako tambarare, kimo kimoja na sakafu. Maji hayatapanda. Ili yapande, boila itabidi ishushwe ndani ya shimo la zaidi ya mita moja, kwenye ardhi ya Kuresoi ambayo chini ya udongo mwekundu ni mwamba.

Cornelius anafuta mikono yake kwa kitambaa kile kile.

"Nitachimba," anasema.