Gogo la Nyuki la Machibya

Machibya wa Mabatini alijulikana kwa kuelewa mambo. Miaka kumi na tisa aliendesha mashine ya kuchambua pamba, na ikikorofisha aliujua ugonjwa wake kwa kuisikiliza tu. Mwaka 1993 kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa, naye akabaki nyumbani na gogo la nyuki.

Lilikuwa gogo fupi, limening'inizwa nyuma ya nyumba chini ya paa, lenye nyuki wadogo weusi wasiouma. Alilivusha kwa feri kutoka Sengerema baada ya kumzika mama yake, amelipakata njia nzima. Mama alimwachia na sharti: nyuki hawa hawakai kwenye nyumba yenye ugomvi.

Miaka miwili baada ya kiwanda kuuzwa, nyuki wakaanza kwisha. Waliobaki walitambaa mlangoni kama walevi. Machibya akamwaga majivu chini ya gogo, kama wafanyavyo kwao kuzuia siafu. Siafu hakuwaona, na nyuki wakazidi kufa. Kichwa kikamvurugika. Kama ni ugomvi, ni wa nani, nyumba yenyewe ina watu wawili?

"Mama Justa," alimwuliza mkewe Dorotea, aliyekuwa akikunja mitumba yake ya kuuza, "una kinyongo na mimi?"

"Kinyongo cha nini, Baba Justa? Njoo ule."

Kesho yake akauliza tena. Siku ya tatu, mtu mzima na akili zake, akamfuata sokoni na kumwuliza mbele ya wateja. Dorotea aliona aibu mpaka akakosea kurudisha chenji.

Jioni ile akatua sufuria chini. "Haya, umetafuta, pokea. Tangu upunguzwe kazi unashinda umekaa unatazama gogo. Mimi nauza, napika, nachota maji, na hujawahi hata kuniambia pole. Nimekuchoka."

Hapo mwenye busara angeomba radhi. Machibya yeye alifurahi kwamba hatimaye ameelewa. "Kumbe ni wewe unayeua nyuki wa mama," akasema.

Asubuhi Dorotea alifunga kanga zake, akaelekea bandarini kupanda meli ya Nansio, kwa kaka yake.

Machibya, asiyejua hata chai inapikwaje, akaamua kulishusha gogo alichungulie. Upande wa nyuma, pale lilipogusana na ukuta, akaona sisimizi wadogo wa rangi ya chai. Walitoka kwenye ufa wa tofali, wakaingia ndani ya gogo, na kurudi wamebeba watoto wa nyuki. Akamwita jirani yake Josephat, kuli wa bandarini.

"Hawa si wa hapa," alisema Josephat. "Tulianza kuwaona kwenye maboksi ya bidhaa za nje. Sasa wamejaa mtaa mzima. Kwangu wamemaliza hata mende."

Machibya akatoka mbio, malapa mkononi. Alimkuta Dorotea kwenye foleni ya meli.

"Ni sisimizi, Mama Justa," akasema akihema. "Si wewe. Wamekuja na maboksi. Nyumbani hakuna ugomvi."

Dorotea alimtazama bila hasira.

"Nashukuru kujua," akasema. "Lakini niliyokuambia jana ni ya kweli. Nilikuwa nimeyameza miaka miwili, na ningeweza kuyameza mpaka nife. Wewe ndiye uliyeyatafuta."

Foleni ikasogea, naye akasogea nayo.