Kitenge Kwenye Mdomo wa Tangi

Mwanangu Restituta, wingu likitanda hivi upande wa Burundi, mimi sikai. Nasimama, nachungulia, nakaa, nasimama tena. Unanicheka, lakini nakumbuka siku moja hapa hapa Kibimba, harusi ya wifi yangu imekaribia, na wewe unatambaa, ndiyo kwanza umepona kuhara. Muuguzi alikuwa ametuonya kuhusu maji. Tangi la bibi yako, mama mkwe wangu, tulikuwa tumelisugua ndani, likisubiri mvua ya kwanza ya msimu.

Shemeji yangu Deo na wenzake walikuwa nyuma ya nyumba wakikamua ndizi mbivu kwa nyasi, wapate juisi ya pombe ya harusi. Kichujio chao kikapasuka. Deo hakuuliza mtu. Akafungua kitambaa cha chandarua kilichofunika mdomo wa tangi, akachujia.

Mvua ikanguruma. Bibi yako akatoka jikoni, akaona mdomo uko wazi.

"Deo! Kitambaa cha tangi kiko wapi?"

"Kiko kazini, mama. Mvua yenyewe bado iko Burundi."

"Na mbu nao wanasubiri mpakani?"

Vijana wakacheka. Deo akakikamua kitambaa, akakirudisha mbio na kukifunga kwa mpira. Nikashusha pumzi. Bibi yako akakinusa.

"Kitamu hiki! Sisimizi na nyuki watafika karamuni kabla ya wageni."

Akakifungua, akanipa nikifue kwa sabuni na maji ya moto. Upepo ulishaanza kurusha takataka za migomba juu ya bati. Nafua huku nakutazama wewe. Bibi yako akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kipya cha harusi, bado kinanukia duka, akakifunga kwenye mdomo wa tangi.

"Mama, si cha harusi hicho?" Deo akauliza, safari hii bila mzaha.

"Harusi itaniona hata na cha zamani."

Kisha akageuza bomba la gata, ule mfereji wa ukingoni mwa bati, lisielekee tangini; mvua ikashuka, maji ya kwanza yakamwagika shambani, meusi kwa vumbi na vinyesi vya ndege. Tumesimama tunalowa, mimi natamani yaingie tu tangini.

"Subiri," akasema. "Paa linaoga kwanza."

Alipokinga kiganja akaona maji safi, ndipo alipofungua kitenge. Tukafunga chandarua kilichofuliwa, akarudisha bomba. Kitenge kilikuwa na sisimizi, mende, na doa ambalo halikutoka. Alikivaa harusini hivyo hivyo, doa mbele, na kila aliyeuliza alielekezwa kwa Deo. Wewe ukanywa maji yale msimu mzima, tumbo lisikuume tena.

Sasa una tangi lako, na mwanao anatambaa. Basi safisha gata kabla ya msimu. Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Funga chandarua cha matundu madogo kwenye mdomo, na hata kwenye tundu la kutolea maji ya ziada, kwa sababu mbu hahitaji mlango mkubwa. Kitambaa hicho kisiazimwe kwa kazi nyingine yoyote. Kifue mara kwa mara, na ukikuta kimetoboka usiseme kesho. Utaweza, mwanangu; ni kazi ndogo, ila haitaki kusahauliwa.

Mungu akujazie tangi, awape wanao afya, na akujalie ulale usingizi mvua ikinyesha. Haya, inuka tukatazame kamba ya chandarua cha tangi lako, imeshanguruma.