Weusi wa Koili

Nilipoanza kuoka mikate Kitale, koili ya oveni yangu ya stima, ule waya wa kupasha moto, ilikatika mara tatu kwa mwaka mmoja. Kila mara fundi aliniuzia nyingine bila kunieleza sababu. Ile ya tatu nikaipeleka Bungoma, kwa mzee aliyenifundisha fizikia shuleni.

Aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Unaisafishaga?"

"Kila Jumamosi, Mwalimu. Inashika weusi, naipiga msasa mpaka ing'ae."

Akanieleza kwamba waya huo ni nikeli iliyochanganywa na kromiamu. Ukipata moto mkali, kromiamu hutoka nje, hushika kutu kwa hewa na kuwa ngozi nyeusi inayoukinga. "Ukiikwangua hiyo ngozi, inatoka ingine. Mwishowe ndani hakuna kromiamu imebaki, waya unakatika."

"Ati kutu ndiyo ilikuwa inailinda?"

"Hiyo hiyo."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Mama alinilea kwa kusugua kila kitu, nami nilidhani natunza. Koili ya nne sijaigusa, na haijakatika. Lakini mteja akichungulia ndani ya oveni akaona ule weusi, naona haya, asije akadhani ni uchafu.