Mashine ya Pechiammal Yagoma Siku ya Pili ya Sikukuu

"Pasi yako ndiyo inayonyonya umeme wote," anasema Pechiammal, amesimama mlangoni kwake, mkono kiunoni. "Mashine yangu inanguruma tu, haizunguki. Umeiua."

"Dada, leo sijanyoosha hata leso," anajibu jirani yake wa ng'ambo ya uchochoro, Sudalaimuthu, mpiga pasi wa mtaa. "Pasi bado imevaa shada lake la maua. Njoo uiangalie."

"Sina haja."

"Huna haja kwa sababu umeshahukumu."

Ni asubuhi mjini Kovilpatti, kusini mwa India, na uchochoro umefurika watu. Wapo waliokuja na vikombe vyao vya kahawa ili wasipitwe na neno. Jana ilikuwa sikukuu ya vyombo vya kazi: kila mashine, kisu na baiskeli ilioshwa, ikapakwa manjano na msandali, ikavishwa maua, ikapumzishwa. Leo vyote vinarudi kazini, isipokuwa mashine ya Pechiammal.

Mama huyu, mjane wa miaka hamsini na kitu, husaga mchele na choroko kuwa rojo la kupikia idli, vitumbua vya mvuke, na dosa, chapati nyembamba za maji, na kuziuzia kaya thelathini hivi za mtaani. Ndoo mbili za mchele na choroko zimelowekwa tangu jana. Zisiposagwa kabla ya jua kupanda, ni za kumwaga.

"Ndoo si kitu," anasema, sauti imeshuka. "Mwaka juzi mashine ilikwenda kwa fundi wa sokoni. Kila nikienda, 'Kesho, mama.' Iliporudi, nusu ya wateja wangu walikuwa wamezoea rojo la pakiti la dukani. Hadi leo wapo wanaonisalimia huku wameficha pakiti kwenye nguo."

Leo haendi kwa fundi. Anachomoa waya ukutani, na plagi anaikalia.

"Mtaa huu una wajuaji wengi," anaeleza. "Nikiikalia, hakuna wa kunichomekea."

Ujanani alifanya kazi kiwanda cha viberiti. Huko mkanda wa mashine ukiruka, wanawake waliurudisha wenyewe kabla msimamizi hajamaliza chai. "Fundi alikuwa mmoja, naye alipenda kubembelezwa," anakumbuka.

Taabu ni uzito wa mawe ya kusagia yaliyo ndani ya mashine. Sudalaimuthu, uso bado umenuna, anavuka uchochoro, anapiga magoti na kuilaza mashine ubavu.

"Usidhani nimekusamehe. Nashika mashine tu."

"Basi shika kimya kimya."

Pechiammal anafungua kifuniko cha chini, anachungulia, anaingiza vidole viwili na kuvuta. Linatoka ua la manjano lililopondeka, kisha jingine, kisha uzi. Uzi umejizungushia kwenye gurudumu na kukaza kama kilemba. Mkanda umeruka pembeni, lakini ni mzima.

"Maua hayo ni ya nani?" anauliza Sudalaimuthu, na jibu analijua.

Shada alilisuka Pechiammal mwenyewe. Wenzake hutumia nyuzi za mgomba, ambazo zikivutwa hukatika. Yeye mwaka huu alisukia nailoni, akatamba mtaa mzima kuwa lake halitaanguka. Asubuhi hii, kwa haraka, akawasha mashine kabla ya kulivua, likavutwa ndani.

"Kweli halikuanguka," anasema jirani. Uchochoro mzima unacheka, na Pechiammal anashindwa kujizuia, anacheka naye.

Anaukata uzi kwa wembe, anautia mkanda kwenye gurudumu dogo, kisha analizungusha kubwa kwa mkono mpaka mkanda unapanda wenyewe. Anafunga kifuniko. Wanaisimamisha mashine. Anachomeka.

Mawe yanazunguka.

Pechiammal anaketi kizingitini na kujifuta uso kwa ncha ya sari. "Nilikuwa naona pakiti tu mbele ya macho," anasema. Mwakani, anaahidi, shada litatundikwa ukutani, tena kwa nyuzi za mgomba. Na Mungu akijalia, atapata mashine ya pili, ili moja ikigoma nyingine isage.

Sudalaimuthu amekwisha kugeuka. Juu ya meza yake, ng'ambo, pasi imekaa na maua yake yaliyonyauka, haijaguswa. Pechiammal anaitazama kitambo.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwasha mnyonyaji wa umeme."

"Atangoja. Nina rojo la juzi, limechachuka vizuri, halikosi dosa tano. Chatini nimekwisha kusaga kwa mkono. Ingia, kaka, ule."